Kofia ya Bluu Katika Sinema Zetu

Kofia ya bluu ya Umoja wa Mataifa ilizaliwa Misri mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez. Baadhi ya askari wa amani walivaa sare iliyofanana na ya Waingereza, na Waingereza ndio walikuwa wametoka kuivamia Misri. Ilitakiwa alama inayoonekana mbali. Bereti zingechelewa, basi wakachukua kofia za plastiki za jeshi la Marekani, wakazipuliza rangi. Maana yake: usinipige, mimi sina upande.

Siye wa Goma tuliizoea rangi ile tangu wakati wa MONUC. Kwa hiyo tukitazama sinema za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, jicho linatangulia kwenye kofia.

Katika Hotel Rwanda (2004), Nick Nolte ni kanali wa bereti ya bluu. Watu wanaitegemea ile rangi, kumbe mwenye kuivaa hakutumwa kupigana.

Shooting Dogs (2005) inaenda mbali zaidi. Ilipigwa picha Kigali, kwenye shule yenyewe ya ETO, Kicukiro, na manusura walishiriki kuitengeneza. Hapo, tarehe 11 Aprili 1994, askari wa Ubelgiji wenye kofia za bluu waliondoka, wakaacha watu kama 2,000. Wengi wao waliuawa kwenye kilima cha Nyanza. Jina la filamu lenyewe ni shtaka: askari wako tayari kupiga mbwa wanaokula maiti, lakini wauaji walio getini hawawapigi. Tena kuna padri, anayeigizwa na John Hurt. Sare yenye bunduki inapanda lori. Mavazi ya padri, yasiyo na silaha, yanabaki na watu.

Tuseme ukweli wote: tarehe 7 Aprili 1994 askari 10 wa Ubelgiji, wa kofia hizo hizo, waliuawa Kigali. Wengine wamekufa huku kwetu Kivu. Kwa hiyo siyo hadithi ya askari mmoja mwoga. Kofia inavaliwa Kigali au Goma, lakini amri inatoka New York na katika miji mikuu ya mbali. Rangi iliyobuniwa kumlinda aliyeivaa, raia waliisoma kama ahadi kwao. Filamu hizi mbili zinasimama katikati ya maana hizo mbili.

Tarehe 20 Novemba 2012 Goma ilichukuliwa, kofia za bluu zikiwa mjini. Watu walivuka Petite Barrière wakaja hapa Gisenyi. Mwezi wa kwanza 2025, watu wakavuka tena. Ndiyo maana mtu wa kwetu akiona kofia ile kwenye ekrani, haulizi kama askari huyo ni mwema ao mbaya. Anauliza: "Mutuka yabo inaangalia wapi?"