Mwanga Usioonwa na Kipimo

Kipima mwanga hukadiria kile ambacho jicho la binadamu linakiona. Filamu ya infraredi huchomwa pia na miale mingine isiyoonekana, na wingi wa miale hiyo hupanda na kushuka kadiri jua linavyosogea au ukungu unavyotanda, bila kipimo kuwa na habari. Tangu mwanafizikia Robert W. Wood achapishe mandhari zake za infraredi mwaka 1910, pengo hilo limezaa desturi zaidi ya moja.

Kodak hawakuipa filamu yao ya HIE ISO kamili. Walitaja namba ya kuanzia tu: 50 kwa mwanga wa mchana, ukitumia kichujio chekundu namba 25. Kupitia kichujio hicho bado unaona, hivyo mpiga picha aliweza kushika kamera mkononi na kurudia picha ileile kwa eksposha tofauti. Filamu yenyewe haikuwa na tabaka la kuzuia mwanga kurudi nyuma, kwa hiyo kuzidisha eksposha kulikuza ule mng'ao wa majani meupe. Kuchagua eksposha kulikuwa pia kuchagua sura ya picha.

Wanaotumia filamu ya Rollei Infrared 400 na kichujio cha R72 wana nidhamu nyingine. Kichujio ni cheusi karibu kabisa: unapanga picha kwanza, kisha unakifunga. Wengi hupima bila kichujio, wakiweka kipimo kwenye 12 badala ya 400, yaani hatua tano. Kwa jua kali hiyo ni f/16 kwa takriban 1/12 ya sekunde, na stendi inahitajika. Wengine hupima kupitia kichujio. Namba wanazopata hazifai kuazimwa na kamera nyingine, lakini kwa aliyezoea kamera yake zinatosha.

Filamu ya rangi ya Aerochrome, ambayo mpiga picha Richard Mosse aliipeleka mashariki mwa Kongo na vilima vikatoka vya waridi, hudai kichujio cha njano tu. Kijani na nyekundu ya kawaida nazo huchora picha, hivyo kipimo hukaribia ukweli zaidi. Ila ni filamu ya slaidi, na slaidi haisamehe makosa.

Kadiri kichujio kinavyokata mwanga tunaouona, ndivyo daftari la mpiga picha linavyoaminika kuliko kipimo. Kwa R72 ningepiga kwa 12, kisha 6, kisha 25, hata kama roli ya picha 36 itabaki na mandhari 12.