Shule ya Wauzaji ya Dayton
Mafunzo rasmi ya wauzaji yana deni kubwa kwa John H. Patterson, ambaye mwaka 1884 alinunua kampuni ndogo mjini Dayton, Marekani, akaiita National Cash Register, iliyotengeneza rejista za fedha, yaani mashine za dukani zinazorekodi kila mauzo. Kwa kuwa wenye maduka hawakuona haja ya mashine hiyo, na makarani waliichukia kwa kuwa iliwachunga, Patterson aliamini kuwa ufasaha wa kuzaliwa nao hautoshi. Hivyo mwaka 1887 maneno ya muuzaji wake hodari, Joseph Crane, yaliandikwa katika kijitabu ambacho wenzake walitakiwa kukikariri, na katika muongo wa 1890 ikaanzishwa shule ambamo waliigiza mazungumzo na mteja. Kila muuzaji alipewa eneo lake pekee na kiwango cha mauzo cha kufikia, utaratibu wenye haki kuliko kuwaacha wanyang'anyane wateja. Thomas J. Watson, aliyelelewa katika nidhamu hiyo kisha akafukuzwa na Patterson, alijiunga mwaka 1914 na kampuni iliyokuja kuitwa IBM mwaka 1924, akahamishia huko mafunzo na viwango vile vile.