Daftari la Wakala Lilitangulia Sheria

Juzi nilikuwa nyumbani Myanga, nikaenda kutoa pesa kwa wakala wa M-Pesa. Akaniomba kitambulisho. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu akanung'unika: "Kwani hata mia tano ni pesa za magaidi?" Nikaona hilo ni swali la kuandikia.

M-Pesa ilianza Machi 2007. Kenya ilikuwa imeshapitia Goldenberg, na bomu la tarehe 7 Agosti 1998 lilikuwa limeua watu zaidi ya 200 Nairobi, lakini sheria kamili ya kuzuia utakatishaji wa fedha ilikuwa bado. Ilipitishwa 2009, ikaanza kutumika Juni 2010. Kituo cha kupokea ripoti za fedha zenye shaka kilianza kazi 2012.

Kwa hiyo miaka mitatu ya kwanza pesa za simu zililindwa na kitambulisho, kiwango cha juu cha kutuma, na daftari la wakala: tarehe, nambari ya kitambulisho, kiasi, sahihi. Sisi waandishi wa programu tungeliita logi, na si logi mbaya!

Kiwango cha juu ni mstari mmoja tu wa programu: kiasi kikizidi, kataa. Lakini anayekijua atazigawa pesa zake kwenye laini tano, apite. Ndiyo maana sheria ile inadai muamala wa kutia shaka uripotiwe bila kujali ukubwa wake. Naam, hata mia tano.

Kubaya ni pale mamlaka inapochoka kuchuja. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Benki Kuu ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, nyingi zikitegemewa na familia za Kisomali. Ziliruhusiwa tena Juni. Ni kama kuzima seva nzima kwa sababu ya mtumiaji mmoja, na hapa watumiaji walikuwa wakingoja pesa ya chakula.

Wakubwa wa nje nao wanatazama. FATF, iliyoundwa Paris mwaka 1989, iliitoa Kenya kwenye orodha yake ya kijivu 2014, ikairudisha Februari 2024.

Yule jamaa? Alipofika dirishani hakuwa na kitambulisho. Wakala anamjua tangu utotoni. Akamwambia, "Ndugu yangu, rudi nyumbani ukilete."