Madoido

Neno madoido hutumika kwa urembo wa ziada, na mara nyingi kwa kubeza kidogo: fulani ana madoido mengi. Katika opera ya Kiitaliano ya mwanzoni mwa karne ya 19, mtindo uitwao bel canto, neno hilo linastahili heshima zaidi. Rossini, Bellini na Donizetti walitunga nyimbo nyingi zenye sehemu inayorudiwa, na mwimbaji alitarajiwa kuipamba kwa ubunifu wake anapoirudia.

Kuyapima madoido hayo kunataka sikio tulivu. Sikiliza trili: je, ni nota mbili jirani zinazopishana upesi, kila moja ikisikika, au ni sauti inayotetemeka tu? Joan Sutherland wa Australia alisifika kwa trili safi ya namna hiyo. Kisha sikiliza nota za haraka zinazoteremka. Zikivurugana kama uji, mbinu haijaiva. Lakini msingi ni pumzi. Mwimbaji huanza nota moja kwa sauti ndogo, akaikuza, akaipunguza tena bila kuyumba. Asiyeweza hilo, madoido yake yanaficha udhaifu.

Mimi namweka Maria Callas juu ya waimbaji wote, ingawa sauti yake ilikwaruza mahali pengine. Katika opera Norma ya Bellini, iliyoonyeshwa kwanza Milan mwaka 1831, kila pambo lake lina kazi: hili hasira, lile ombi. Hayo ndiyo madoido. Yasiyosema kitu tuyaite mbwembwe.