Joto kali huuzeesha mwili kabla ya wakati: Wakazi wa Gatumba wajikinge vipi?

Gatumba, mji mdogo ulio magharibi mwa jiji la Bujumbura, karibu na mpaka wa Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hufahamika zaidi kwa mafuriko. Tangu mwaka 2020, mto Rusizi ulipovunja kingo zake na kuwafukuza maelfu ya watu majumbani mwao, maji yamerudi mara kadhaa, yakichangiwa na kupanda kwa kina cha Ziwa Tanganyika.

Lakini maji yanapopungua na kiangazi kuingia, wakazi hukabiliwa na adui mwingine asiye na kishindo: joto. Bonde la Imbo, ambamo Gatumba imo, ndilo eneo la chini zaidi na lenye joto kuliko yote nchini Burundi. Mchana kipimajoto hufika nyuzi 30 za Selsiasi au kuzidi, na unyevu wa ziwa huifanya hewa kuwa nzito zaidi.

Joto hilo haliishii kwenye jasho na uchovu wa siku moja. Tafiti za karibuni zinaonyesha kwamba linapodumu kwa miezi na miaka, huenda likaharakisha uzee wa mwili.

Umri wa miaka na umri wa mwili

Wataalamu hutofautisha umri wa aina mbili. Wa kwanza huhesabiwa tangu siku ya kuzaliwa. Wa pili, umri wa kibiolojia, huonyesha jinsi seli na viungo vilivyochakaa. Watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kutofautiana kwa uzee wa miili yao.

Njia mojawapo ya kuupima umri huo ni kuchunguza katika damu alama za kikemikali zilizo juu ya vinasaba, ambazo huamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Alama hizo hubadilika kadiri mtu anavyozeeka.

Februari 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,600 wenye umri wa miaka 56 na kuendelea. Waliokuwa wakiishi katika maeneo ambayo joto, likijumuishwa na unyevu, hufika nyuzi 32 au zaidi kwa nusu ya mwaka, miili yao ilikuwa imezeeka hadi miezi 14 zaidi ya wale wa maeneo yenye siku za joto chini ya 10 kwa mwaka.

Miezi michache baadaye, utafiti mwingine uliohusu watu karibu 25,000 nchini Taiwan ulionyesha mwelekeo huohuo. Walioathirika zaidi walikuwa wafanyakazi wa kazi za mikono na wakazi wa vijijini.

Kwa nini wazee huumia zaidi?

Mwili hujipoza kwa njia mbili: hutoa jasho, na hupeleka damu nyingi karibu na ngozi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, nao moyo hulazimika kufanya kazi zaidi.

Kadiri umri unavyosonga, mtu hutoa jasho kidogo na huchelewa kuhisi kiu. Figo na moyo navyo hupungukiwa nguvu. Wenye shinikizo la damu au kisukari wamo hatarini zaidi, na baadhi ya dawa, hasa zinazoongeza mkojo, huharakisha upungufu wa maji mwilini.

Huko Gatumba hali ya maisha huongeza mzigo. Anayeanika ndagala ufukweni, fundi ujenzi na mbeba mizigo hushinda juani. Aliyepoteza nyumba kwa mafuriko huishi chini ya hema au turubai, ambamo joto la mchana huzidi lile la nje. Usiku, mwili ukikosa nafasi ya kupoa, huianza siku inayofuata ukiwa bado umechoka.

Namna ya kujikinga

Panga kazi kwa kufuata jua. Kazi nzito zifanywe alfajiri au jioni. Kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, tafuta kivuli na upumzike mara kwa mara.

Kunywa maji kabla ya kusikia kiu. Shirika la Afya Duniani linashauri kikombe kimoja kila saa, lita mbili hadi tatu kwa siku. Wenye maradhi ya moyo au figo wamuulize mganga kiasi kinachowafaa. Kwa kuwa kipindupindu si kigeni katika bonde la Rusizi, maji ya mto au ziwa yachemshwe au yatiwe dawa kwanza.

Lowesha mwili. Kitambaa chenye maji shingoni na mikononi hupoza vizuri, hasa penye upepo.

Poza makazi. Funika madirisha yanayopigwa na jua mchana, na uyafungue usiku huku ukiwa ndani ya chandarua. Penye hema, tandaza kitambaa au makuti juu yake na uache nafasi hewa ipite katikati.

Watembelee wazee. Mzee anayeishi peke yake aangaliwe angalau mara mbili kwa siku. Viongozi wa nyumba kumi wanaweza kupanga zamu miongoni mwa majirani.

Dalili za hatari

Kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu na misuli kukaza ni onyo: mpeleke mgonjwa kivulini na umpe maji kidogo kidogo. Anayeanza kuchanganyikiwa, kuanguka au kuwa na ngozi ya moto sana apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Njiani mmwagieni maji, mpepeeni na kumwekea vitambaa baridi shingoni na makwapani. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote.

Hatua hizi hazizuii ongezeko la joto duniani, wala hazichukui nafasi ya nyumba bora, maji safi ya bomba na miti ya kivuli, mambo ambayo mkazi mmoja hawezi kujipatia peke yake. Hata hivyo, kwa kuwa madhara ya joto hujilimbikiza siku baada ya siku, kila saa ambayo mwili unapata kupoa ina faida yake, kwa kijana anayebeba mizigo leo na kwa mzee atakayekuwa kesho.