Karamu ya Ufalme: Tumaini la Wakristo wa Kwanza na Maneno Yake katika Kiswahili

Makala haya yanachunguza tumaini moja la kale la Kikristo, yaani kwamba mwisho wa nyakati wateule wataketi pamoja katika karamu ya ufalme wa Mungu. Tumaini hilo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni liwazo tu: ahadi ya shibe ya kesho inayowanyamazisha wenye njaa wa leo. Lengo letu ni kuonyesha kwamba hapo mwanzo lilikuwa pia kipimo cha kuhukumia meza za leo, na kwamba tafsiri ya Kiswahili imekihifadhi kipimo hicho kwa upande mmoja na kukificha kwa upande mwingine.

Chimbuko lake ni la Kiyahudi. Katika sura ya 25 ya kitabu cha Isaya, Mungu mwenyewe ndiye mwandalizi. Waalikwa ni mataifa yote, na katika mlima ule ule mauti yanakomeshwa. Swali lililobaki kwa vizazi vilivyofuata lilikuwa hili: ni nani hasa watakaoketi?

Majibu yalitofautiana. Miongoni mwa hati za Qumran, zilizoanza kugunduliwa mwaka 1947, imo kanuni ya jumuiya iliyochapishwa mwaka 1955. Kanuni hiyo inaeleza mlo wa siku za mwisho: kila mtu ameketi kwa cheo chake, na kuhani ndiye wa kwanza kuunyoshea mkate mkono. Kanuni hiyo hiyo inawazuia viwete, vipofu, viziwi na mabubu wasishike nafasi katika kusanyiko. Injili ya Luka, sura ya 14, inasimulia kinyume chake: walioalikwa wanapotoa udhuru, mwenye nyumba anaagiza waletwe maskini, vilema, vipofu na viwete. Si lazima tudai kwamba Luka aliijua kanuni ya Qumran. Yatosha kutambua kwamba mipaka ya meza ilikuwa jambo la kubishaniwa.

Ubishi huo uliingia makanisani mapema. Katika miaka ya 50, Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu wenye mali walitangulia kula hata wakalewa, na wasio na kitu wakabaki na njaa. Hoja yake yafaa kuzingatiwa: mlo huo hufanywa mpaka Bwana atakapokuja. Kwa hiyo anayemdharau maskini mezani leo anaikana karamu anayodai kuingoja.

Baadaye mjadala uligeukia namna ya karamu yenyewe. Irenaeus wa Lyon, katika karne ya 2, alipokea kutoka kwa Papias mapokeo juu ya mizabibu ya ajabu, kila mmoja na matawi 10,000. Origenes, katika karne ya 3, aliwapinga waliotarajia vyakula vya mwili, akafundisha kwamba chakula cha ufalme ni hekima na ukweli. Fasiri yake ina kina. Hata hivyo, karamu ikiwa ya akili pekee, njaa ya maskini wa Korintho hupoteza uzito wake kama hoja.

Tugeukie sasa Kiswahili. Neno karamu ni la asili ya Kiarabu, nalo lina shina moja na ukarimu na takrima. Hivyo msemaji wa Kiswahili husikia katika neno lenyewe kwamba karamu ni kipawa cha mwenyeji, wala si haki ya cheo. Hapa lugha yetu imeongeza nuru. Lakini neno la Kiyunani deipnon, lenye maana ya mlo mkuu wa jioni, limetumika katika Luka 14, katika Ufunuo 19, na pia katika Wakorintho wa Kwanza 11. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inaliita karamu mahali pawili pa kwanza, na chakula mahali pa tatu. Bila shaka chaguo hilo lina sababu, kwani mlo wa kanisani haukuwa sherehe ya anasa. Hasara yake ni kwamba msomaji haoni tena kuwa meza ya Korintho na meza ya ufalme zilitajwa kwa neno moja.

Twahitimisha kwamba historia ya tumaini hili ni historia ya swali la nani ana nafasi mezani. Kazi ya mfasiri, basi, haikomi katika kupata neno linalofaa mahali pamoja; hana budi pia kuulinda uzi unaounganisha mahali pengi.