Mfereji wa Suez, Mfereji wa Kisauni

Aprili 8, 2020, Mombasa ilifungwa. Hakuna kutoka, hakuna kuingia, isipokuwa mizigo. Huku Likoni, Kisauni na Changamwe tukaambiwa tunawe mikono kila saa. Tunawe na nini? Mtungi wa lita 20 ulikuwa nusu, na mwenye mkokoteni hajulikani atapita lini.

Maji yetu yenyewe hayatoki Mombasa. Marere na Tiwi ziko Kwale, Baricho iko Kilifi, Mzima iko Taita Taveta, zaidi ya kilomita 200. Bomba la Mzima lilikamilika 1957, enzi za mkoloni, na maji yake huteremka kutoka bara. Baricho ni mambo mengine: pale maji husukumwa kwa pampu, na pampu inataka stima, vipuri na fundi.

Vipuri navyo vingi hutoka ng'ambo. Korona ilifunga viwanda, nauli ya kontena ikapanda. Machi 2021 meli ya Ever Given ikaziba mfereji wa Suez siku sita. Unaweza kudhani hayo ni ya matajiri. Lakini pampu ikikosa kipuri, anayeumia kwanza ni mama wa Kisauni anayefungua mfereji ukatoa upepo.

Kilindini iko hapo tu, ng'ambo ya Likoni. Meli tunazihesabu kila siku. Mji wa bandari ungeweka akiba ya vipuri mapema, kama nyanya zetu walivyoweka maji: mtungi hujazwa siku mfereji unatoka.